Siku kadi ilipokosa jina juu ya Thaba-Ntšonyana

Wingu limesimama nyuma ya mlima, jeusi chini na jeupe juu, na Puseletso Ramoeletsi hana muda wa kulitazama mara mbili. Amepiga magoti ndani ya kibanda cha mabati kwenye kilele cha Thaba-Ntšonyana, milimani Lesotho, blanketi lake limebanwa kifuani kwa pini kubwa, na vidole vyake vinachomoa nyaya za antena.

"Rudi nyuma, ntate," anamwambia mwandishi wa makala haya bila kugeuka, akimwita "bwana" kwa Kisotho. "Ukishika huo mlingoti sasa hivi nitakurudisha kwa mama yako umelazwa juu ya farasi kama gunia la sufu."

Ngurumo inapita upande wa pili wa bonde. Waya wa mwisho umeng'ang'ania. Anauvuta, unakataa, anautupia tusi dogo la Kisotho, anauzungusha taratibu, unatoka. Anafunga mlango na kushuka mbio hadi chini ya miamba walikofungwa farasi wawili. Hapo ndipo anapoketi na kuvuta pumzi.

"Radi haina adabu," anasema. "Haibishi hodi."

Puseletso, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ni fundi anayetunza mitambo ya waifai inayounganisha zahanati saba za milimani na hospitali ya wilaya. Katika mabonde haya simu za mkononi hazishiki. Muuguzi akitaka kuzungumza na daktari, sauti yake huruka kutoka antena ya zahanati hadi kileleni, na kutoka kileleni hadi hospitali. Katikati ya safari hiyo kuna sanduku la chuma lenye kompyuta ndogo inayoendeshwa na mfumo wa Linux, na ndani yake kadi mbili za waifai. Moja imeunganishwa na antena inayotazama zahanati ya Ha Rantsimane. Nyingine inatazama hospitali.

Sanduku likizima, bonde zima linakuwa bubu.

Ni kazi isiyoeleweka kwa majirani. Anapopita na farasi wake, na kompyuta mpakato imefungwa mgongoni ndani ya shuka kama mtoto mchanga, wanaume wa kwenye banda la kunyolea kondoo humpigia kelele, 'mè ikiwa ni mama, na 'Mathato jina alilopewa na wakwe.

"'Mè 'Mathato! Unakwenda tena kutengeneza nyaya ambazo hazipo?"

"Nakwenda, ntate," huwajibu. "Na wewe ukiumwa usiku mkeo atampigia daktari kwa hizo hizo ambazo hazipo."

Mama mkwe wake ni mkali zaidi. Huwaambia wageni kwamba mwanawe alioa mke mzuri kutoka Maseru, lakini mke huyo ana maradhi ya kupanda milima kwenda kuongea na visanduku.

Mshahara unatosha unga, ada ya shule ya binti yake Thato, na shayiri ya farasi. Buti za theluji hujinunulia mwenyewe.

Ufundi huu aliuanzia Maseru, katika duka la kutengeneza kompyuta ambako aliajiriwa kupokea wateja. Mwenye duka alikuwa akifufua kompyuta kuukuu kwa kuziwekea Linux, na malalamiko ya wateja yalikuwa yale yale: kompyuta inawaka, lakini waifai haionekani. Puseletso alikuwa ndiye wa kwanza kuyasikia. Baada ya muda akaanza kuuliza swali moja kabla hajamwita fundi.

"Nilikuwa nauliza, haionekani na nani? Na wewe, au na kompyuta? Maana hayo ni mambo mawili tofauti."

Anaeleza huku akichora kwa kijiti kwenye udongo. Kompyuta ikiwaka, Linux hupita kwenye kila tundu kuuliza nani yupo. Kadi huitika kwa kutaja kiwanda na aina yake. Kisha hutafutwa kiendeshi, yaani programu inayojua lugha ya kadi ile. Kadi nyingi za waifai nazo hudai kulishwa faili dogo la maelekezo kabla hazijaanza kufanya kazi. Yote yakikamilika ndipo kadi hupewa jina. Ya kwanza kuonekana huitwa wlan0, ya pili wlan1.

"Tatizo ni kwamba leo hii inaweza kuwahi, kesho ile," anasema. "Ukiandika kwamba wlan0 iende hospitali, siku moja utaamka imekwenda zahanati. Kwa hiyo siku hizi mfumo unafuta hilo jina la mwanzo na kuipa jingine kufuatana na mahali ilipokaa. Hii ya zahanati inaitwa wlp2s0. Hizo wl ni waifai, p2 ni njia namba mbili ndani ya kompyuta, s0 ni tundu lake."

Anacheka kidogo. "Ni kama mimi. Nilifika kwa wakwe naitwa Puseletso. Kabla sijakaa kitako nikaambiwa, wewe kuanzia leo ni 'Mathato, mama wa mtoto ambaye hata mimba yake sina."

Kicheko kinakatika. Radi imepiga kilele cha jirani, na farasi wanavuta kamba zao. Puseletso anawashika shingo na kuwanong'oneza hadi watulie. Anapoketi tena, uso wake umebadilika.

"Ilikuwa radi kama hii," anasema. "Septemba."

Septemba iliyopita, wakati watu wa milimani walikuwa wamekwisha kuanza kusema baridi imeondoka, radi ilipiga juu ya Thaba-Ntšonyana. Kadi inayotazama hospitali iliungua, na tundu lake likaungua nayo. Ile ya zahanati ilinusurika. Kwa hiyo muuguzi wa Ha Rantsimane aliweza kuongea na sanduku la kileleni, lakini maneno yake yaliishia hapo.

Ofisi iliyomwajiri ilimpa Puseletso kadi mpya. Haikuwa ya aina ya zamani, ambayo haikupatikana, ila aliijaribu kwenye kompyuta ya ofisini mjini na ikaitika mara moja kama mtoto mtiifu. Akaifunga kwenye soksi ya sufu, akaiweka kifuani, akapanda mlima.

Alifika mchana. Upepo ulikuwa umegeuka na kutokea kusini, na mbingu ilikuwa na rangi ya majivu. Alizima sanduku, akaiweka kadi mpya kwenye tundu la tatu lililokuwa tupu, akawasha.

Taa ya zahanati iliwaka. Ya hospitali haikuwaka.

Alichomeka kompyuta mpakato yake kwenye sanduku na kuandika amri ya kuorodhesha vifaa vyote vilivyoitika kwenye matundu. Kadi mpya ilikuwepo, jina la kiwanda chake limeandikwa waziwazi. Akaandika amri ya pili, ya kuorodhesha vifaa vya mtandao vyenye majina. Palikuwa na wlp2s0 peke yake.

"Ilikuwepo na haikuwepo," anasema. "Kompyuta inaiona imekaa pale, lakini haijapewa jina. Na isiyo na jina huwezi kuiambia kitu. Utaiamrisha kwa kuiitaje?"

Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusoma kumbukumbu za mfumo ili ajue imekwama wapi, pale simu ilipolia kwenye vipokea sauti vyake visivyo na waya, vilivyounganishwa na kompyuta mpakato. Ilikuwa zahanati.

"Daktari! Nipeni daktari!"

"Ausi Relebohile, dada yangu, ni mimi, Puseletso. Niko juu kileleni. Njia ya hospitali bado imekufa."

Upande wa pili Relebohile Mofoka, muuguzi aliyekuwa na miezi michache tu tangu apangiwe kituo hicho, akaanza kulia huku anaongea. Limpho, binti wa 'Malimpho wa kijiji cha jirani, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume salama. Lakini kondo la nyuma lilikuwa halijatoka, na damu haikatiki. Sindano alikwisha kumpa. Alijua kinachofuata ni kuingiza mkono na kulitoa. Alikuwa ameona likifanyika chuoni. Kwa mikono yake mwenyewe hakuwahi.

"Nikikosea nitamuua," alisema Relebohile. "Nikikaa bure atakufa. Niunganishie daktari, nakuomba."

Puseletso alimwambia asubiri, akarudi kwenye kumbukumbu za mfumo. Akapata mstari aliokuwa akiutafuta. Kiendeshi kilikuwa kimeitambua kadi, kikaomba lile faili la kuilisha, na jibu likawa kwamba faili hilo halimo. Kompyuta ya ofisini ilikuwa na mfumo mpya wenye mafaili ya kila namna. Sanduku la kileleni lilikuwa na mfumo wa zamani, ulioanza kutumika kabla kadi ile haijatengenezwa. Akatafuta kwenye kompyuta mpakato yake. Nayo ilikuwa na mfumo ule ule wa zamani.

Faili lilikuwepo pia kwenye kompyuta ya hospitali, yenye mfumo mpya kama ule wa ofisini. Na njia ya kufika hospitali ndiyo iliyokuwa ikihitaji hilo faili.

"Nilikaa nikaitazama ile kadi," anasema. "Nikatamani niing'ate."

Chembe za kwanza za theluji zilianza kuingia kupitia mlangoni. Ndipo alipoona kwamba njia ipo, na kwamba ni mbaya. Kadi moja ilikuwa nzima: ya zahanati. Angeweza kuiondolea waya wa antena ya zahanati, akaipachikia waya wa antena ya hospitali, akabadilisha mipangilio, akaifikia hospitali. Angempata daktari. Angelipata faili. Lakini kwa muda wote huo Relebohile angekuwa peke yake na mwanamke anayetokwa damu, bila kusikia chochote kutoka popote.

Na kama vipachiko vidogo vya ncha za nyaya, vyembamba kama kucha ya mtoto, vingevunjika kwa baridi, basi kusingekuwa na zahanati wala hospitali.

Alimwambia Relebohile.

"Usinikatie!" muuguzi alipiga kelele. "Ausi, usinikatie, afadhali niisikie sauti yako!"

"Sauti yangu haizuii damu."

"Ukishindwa kurudi je?"

Puseletso akavuta kalamu. "Niambie nimwambie nini daktari. Haraka."

Relebohile alitaja presha, mapigo ya moyo, na kiasi cha damu, naye akaviandika kwa kalamu kwenye kiganja. Nyuma ya sauti ya muuguzi alisikia sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu na ya karibu sana na simu. Alikuwa 'Malimpho, mama wa mgonjwa.

"Nani huyo anayetaka kutukimbia? Mwambie kama ana mtoto, asithubutu!"

"Nitarudi na daktari," Puseletso alisema, akazima kadi.

Taa ya zahanati ikafa.

Anasema aliweka mikono kwapani kwanza ili ipate joto. Kisha akakibandua kipachiko cha kwanza kwa ncha ya kisu. Kikatoka kizima. Akakipachika kile cha hospitali. Kiliteleza mara mbili. Mara ya tatu akakisikia kikibana.

Akatengeneza nakala ya mipangilio ya zamani ili awe na pa kurudia, kisha akaandika mipya: wlp2s0, ambayo tangu ifungwe pale ilikuwa haijui kingine ila Ha Rantsimane, sasa itafute hospitali. Akabonyeza. Jibu likaja kwamba haijaunganishwa. Akasubiri, akarudia. Haijaunganishwa. Akatoka nje, akaukuta uso wa antena ya hospitali umetapakaa theluji mbichi. Akaifuta kwa ncha ya blanketi, akarudi ndani kwa magoti.

Imeunganishwa. Dhaifu, lakini imeunganishwa.

Simu ya hospitali ilipokelewa na kijana wa mapokezi. "Shikilia kidogo, 'mè, nakuja."

"Sishikilii! Inuka kwenye hicho kiti ukamwite Daktari Moima, na ukitembea badala ya kukimbia nitakuja hapo mimi mwenyewe!"

Dk. Khothatso Moima alifika akihema. Puseletso alimsomea kiganja chake. Daktari hakumkatiza hata mara moja. Mwishoni akasema, "Niunganishe na muuguzi."

"Siwezi, daktari. Nina kadi moja tu inayofanya kazi. Nikiwa na wewe, sina yeye. Nikiwa na yeye, sina wewe."

"Basi nitakuambia wewe, ukamwambie."

"Daktari, hilo la mkono. Linaelezeka kwa maneno ya kupitishwa?"

"Hapana," alisema Dk. Moima. "Lazima anisikie anapofanya. Lazima aniambie anagusa nini."

Wakati daktari akiwaita watu wa helikopta kwa simu nyingine, Puseletso aliingia kwenye kompyuta ya hospitali na kuanza kulivuta faili. Si faili kubwa. Picha moja ya simu ni kubwa kuliko hilo. Lakini njia ilikuwa dhaifu na theluji ilikuwa inazidi. Lilifika nusu likasimama. Akaamrisha liendelee lilipoishia. Likasogea, likasimama tena. Kila liliposimama, anasema, aliisikia ile sauti kavu ikimwambia asithubutu.

Daktari alirudi kwenye simu. Rubani alikuwa amekataa, mawingu yameshika milima, helikopta isingeweza kuruka hadi yafunguke. Akampa maneno ya kwenda nayo: muuguzi amkande mgonjwa tumbo bila kuacha, amwekee dripu ya pili, amfunike apate joto. "Na mimi nitakaa hapa hapa kwenye simu," alisema. "Sitainuka."

Faili likamalizika. Puseletso akalilinganisha na la hospitali kuhakikisha halikuharibika njiani. Yalikuwa sawa. Akakata hospitali.

Sasa taa zote mbili zilikuwa zimekufa.

Alirudisha waya wa zahanati mahali pake na kurudisha mipangilio ya zamani kutoka kwenye nakala. Taa ya zahanati ikawaka. Hakupiga simu kwanza; ahadi ilikuwa kurudi na daktari mwenyewe, na aliamini zimebaki dakika chache tu. Aliliweka faili kwenye kabati lake ndani ya mfumo, akakitoa kiendeshi cha kadi mpya na kukiingiza upya, ili kiulize tena bila kuzima sanduku zima. Macho yake yalikuwa kwenye kumbukumbu. Mstari mmoja: faili limepatikana. Mstari mwingine: wlan0. Kadi imepewa jina.

Lakini taa ya hospitali haikuwaka.

"Hapo nilikaribia kukata tamaa," anasema. "Nilifikiri imeungua na hiyo, au antena imevunjika kwa upepo. Mikono ilikuwa haina hisia tena. Nikaanza kulia, kusema kweli. Nikalia huku nasoma."

Na katika kusoma akauona mstari uliofuata, ambao macho yake yalikuwa yameuruka. Mfumo ulikuwa umeifuta wlan0 na kuipa kadi jina la mahali ilipokaa. Kadi iliyoungua ilikuwa kwenye njia ya tatu, ikiitwa wlp3s0. Hii ilikuwa kwenye tundu jingine. Jina lake lilikuwa wlp4s0. Mipangilio ya hospitali ilikuwa bado inamsubiri wlp3s0, ambaye hatarudi kamwe, huku wlp4s0 amekaa pale mzima, hana aliyemwita.

Alibadilisha tarakimu moja.

Taa ya hospitali ikawaka. Akapiga simu zahanati, akapiga hospitali, akaziunganisha.

"Ausi Relebohile. Daktari huyu hapa. Daktari, muuguzi huyu. Ongeeni."

Relebohile anaikumbuka vizuri simu hiyo. "Nilikuwa nimekwisha kata shauri nifanye peke yangu," anasimulia. "Nilikuwa navaa glavu. Nilikuwa namtukana Puseletso kwa sauti, mbele ya mgonjwa, matusi ambayo mama yangu hajui kwamba nayajua. Ndipo nikasikia, 'Relebohile, mimi ni Moima, vuta pumzi.'"

Daktari alimwongoza hatua kwa hatua. Weka mkono wa kushoto juu ya tumbo. Sasa wa kulia. Unagusa nini? Usivute. Tafuta ukingo wake. Kileleni, Puseletso alikuwa ameweka vipokea sauti shingoni, kwa sababu aliona si haki kumsikiliza mwanamke mwenzake katika hali ile. Alikuwa nje, amekumbatia mlingoti kwa mikono miwili, kwa kuwa upepo ulikuwa ukiuyumbisha na kila ukiyumba sauti ilikuwa ikikatika. Theluji ilimjaa mabegani. Hakujua kinachoendelea. Alijua tu kwamba taa mbili zinawaka, na kwamba asiuachie.

Alikaa hivyo mpaka aliposikia, kutoka shingoni mwake, sauti ndogo ya muuguzi ikipiga kelele, "Limetoka! Lote! Daktari, lote!"

Hakushangilia. Alijishusha chini akakaa kwenye theluji.

Kulipopambazuka na mawingu kufunguka, helikopta ilimchukua Limpho kwenda kuongezewa damu. Alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa, amekonda lakini anatembea. Mtoto aliitwa Lehloa, yaani theluji, na hakuna aliyeuliza sababu.

Lakini mambo hayakuishia kwa vigelegele. Kwa wiki nyingi 'Malimpho hakuitikia salamu ya Puseletso. Wakikutana kisimani, aligeuza uso. Ha Rantsimane ikagawanyika: wapo waliosema fundi ameokoa mtu, na wapo waliosema amewakatia simu watu wakiwa kwenye shida, na kwamba ilikuwa bahati tu.

"Na kweli ilikuwa bahati nusu," Puseletso anasema. "Kile kipachiko kingevunjika, leo ningekuwa nahama hapa."

Radi imekwisha pita. Anapanda tena kileleni, anarudisha nyaya, anangoja taa zote mbili ziwake, kisha anamwongoza mwandishi kushuka hadi Ha Rantsimane. Njiani mtu anasimama kwenye uzio wa mawe, mtoto mnene amefungwa mgongoni kwa blanketi. Ni 'Malimpho.

"Umeleta na mwandishi sasa," anasema. "Amekuja kuandika kwamba wewe ni malaika?"

"Amekuja kuandika mambo ya waifai, 'mè."

"Andika na haya basi." 'Malimpho anamgeukia mwandishi. "Aliponikatia, nilikuwa nimeshika mguu wa mwanangu, na ule mguu ulikuwa unapoa. Aliporudi, ulikuwa bado mkononi mwangu. Nikisikia sauti ya huyu mwanamke mpaka leo naushika tena ule mguu. Si kosa lake. Lakini naushika."

Kisha anafungua lango. "Ingieni. Uji wa motoho upo, umechacha vizuri. Na wewe, mshike huyu mtoto, amenichosha mgongo."

Ndani, akiwa na Lehloa mapajani na bakuli la uji mkononi, Puseletso anaeleza mipango yake. Ameanza kupita kwenye vituo vyote saba akifanya mambo mawili. La kwanza ni kuhifadhi ndani ya kila sanduku mafaili ya kulisha aina zote za kadi zinazouzwa Maseru, hata zile ambazo hajawahi kuziona. La pili ni kuacha kutegemea majina yanayofuata tundu. Kila kadi ina namba yake ya kiwandani isiyobadilika, na Linux inakubali kuambiwa kwamba yenye namba hii, popote itakapokaa, iitwe hivi. Kwa hiyo kwenye Thaba-Ntšonyana sasa hakuna tena wlp2s0 wala wlp4s0. Ukiandika amri ya majina, yanatokea mawili: zahanati na hospitali. Kadi ikibadilishwa, kuna mstari mmoja tu wa kurekebisha, umeandikwa juu kabisa, kwa maneno ambayo mtu yeyote anayejua kusoma anayaelewa.

Vituo vitatu vimekwisha. Vinne anataka kuvimaliza kabla ya baridi. Ameiomba ofisi njia ya pili kupitia mlima mwingine, ili asije akalazimika tena kuchagua nani amkatie. Hajajibiwa. Ameuliza tena.

Na Relebohile ameanza kujifunza. Wiki ijayo watapanda pamoja, na kwa mara ya kwanza muuguzi ndiye atakayeandika amri, Puseletso akiwa amekaa nje na farasi.

"Atanipigia kelele," anasema. "Ana mdomo, huyo. Lakini mimi nataka siku moja niugue kama watu wengine. Nilale kwangu na homa yangu, mama mkwe anichemshie uji, theluji ianguke inavyotaka, na zahanati zote saba zisijue kama nipo au sipo."